Tia Alama Kwenye Kisanduku Kimoja Tu

Januari 2013 jopo la wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilimaliza kuichunguza miraa, mmea unaotafunwa ili kuchangamka, na kutoa ripoti. Madhara yake, lilisema, hayajafikia kiasi cha kuipiga marufuku. Julai mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, akatangaza kwamba marufuku itawekwa hata hivyo, na kuanzia Juni 24, 2014 mizigo ya miraa iliyokuwa ikipanda ndege Nairobi kwenda London ikakoma. Uholanzi ilikuwa imetangulia kufunga mlango mwaka mmoja na nusu kabla. Huko Kangeta, kwenye vilima vya Nyambene katika kaunti ya Meru, mji ambao jina lake limepewa hata aina moja ya miraa sokoni, habari hiyo iliingia moja kwa moja kwenye karo ya shule inayolipwa kwa zao hilo.

Mtoto aliyekulia Kangeta basi amekutana mapema na swali linalowasumbua wanafalsafa: ni nani anayejua, na amejuaje? Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliutazama mmea huu mwaka 2006 na haikuona haja ya kuuweka chini ya udhibiti wa kimataifa. Lakini kathinoni, kemikali inayomchangamsha mlaji, ambayo ilitambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, imo kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa kimataifa wa 1971. Kemikali imedhibitiwa, mmea unaoizaa haujadhibitiwa. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, inawaonya vijana wasiitafune miraa. Sheria za kilimo za Kenya zinaitambua kuwa zao tangu 2016. Na mzee wa Igembe, hukohuko Nyambene, atakueleza kwamba posa haiendi bila kifurushi chake.

Sasa mkalishe mtoto huyo darasani, yuko Kidato cha Tatu, umpe karatasi yenye kauli ya namna hii: "Wataalamu wawili wakitofautiana, lazima mmoja wao amekosea." Mbele ya kauli kuna visanduku vitano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Juu ya ukurasa kuna agizo: tia alama kwenye kisanduku kimoja tu. Ataitia wapi? Na alama yenyewe itakuwa imepima nini?

Kuna tawi zima la saikolojia ya elimu linaloishi kwa swali hilo. Wenyewe wanalichunguza kwa jina la imani kuhusu maarifa na kujifunza: mwanafunzi anadhani maarifa ni kitu cha namna gani, yametoka wapi, yanabadilika au hayabadiliki, na kichwa chake mwenyewe kina uwezo wa kuyapata kwa bidii au kilishagawiwa fungu lake siku ya kuzaliwa. Imani hizi hazisomeshwi kwenye kipindi chochote, wala hazina karatasi ya mtihani. Hata hivyo ndizo zinazoamua kama mtoto ataendelea kukaa na hesabu ngumu kwa dakika 20 au atalifunga daftari baada ya mbili.

Aliyefungua njia hakutumia visanduku. William Perry, mshauri wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza miaka ya 1950 kuwaita vijana kila mwisho wa mwaka na kuwauliza swali pana kabisa: mwaka huu, ni jambo gani limekukaa zaidi? Kisha akanyamaza na kusikiliza. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 alieleza safari yenye hatua 9. Wengi walifika chuoni wakiamini kwamba mhadhiri ana jibu sahihi mfukoni na kazi yake ni kulitoa. Baadaye waligundua kwamba wahadhiri wenyewe hawakubaliani, wakayumba, wakadhani basi kila maoni ni sawa na mengine. Wachache walivuka hapo na kujifunza kushika msimamo kwa hoja huku wakijua kwamba hoja yaweza kuvunjwa kesho.

Karibu wote waliohojiwa na Perry walikuwa wanaume, tena wa chuo kimoja cha matajiri. Mwaka 1986 Mary Belenky na wenzake watatu walitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo na wanawake 135, baadhi yao wa vyuoni na wengine waliofikiwa kupitia huduma za kijamii, na picha waliyoipata ilikuwa tofauti. Kulikuwa na wanawake waliojihesabu kuwa hawajui lolote, kazi yao kusikia tu. Kwa hiyo hata kwa njia ya mazungumzo, jibu la "watu wanaamini nini kuhusu maarifa" lilitegemea mlango uliobishwa.

Mazungumzo ni matamu lakini ni ghali. Saa moja ya kuongea huzaa saa nyingi za kuandika na kusoma upya, na wanaosoma hubishana. Hojaji humaliza darasa la wanafunzi 50 katika kipindi kimoja cha dakika 40. Njia ya visanduku vitano ilikuwepo tayari tangu 1932, ilipobuniwa na Mmarekani Rensis Likert kwa ajili ya kupima mitazamo, na mwaka 1990 Marlene Schommer akaitumia kwa imani za wanafunzi. Aliandika kauli 63. Alidhani zitapima mambo matano: kama maarifa ni vipande vilivyotengana au yameungana, kama ni ya hakika au yanabadilika, kama yanatoka kwa wakubwa wanaojua yote, kama kujifunza hutokea upesi au hakutokei kabisa, na kama uwezo wa kujifunza ni wa kuzaliwa nao.

Kilichowavutia wengi katika kazi ya Schommer ni jaribio aliloliambatanisha. Wanafunzi walipewa makala ya kusoma ambayo aya yake ya mwisho ilikuwa imeondolewa, wakaombwa waiandike wao. Walioamini kwamba kujifunza ni jambo la mara moja waliandika hitimisho jepesi kupita kiasi, wakafanya vibaya kwenye maswali ya uelewa, na juu ya hayo wakajiona wameelewa vizuri. Walioamini kwamba maarifa ni ya hakika waliandika hitimisho la kukata shauri hata pale makala ilipokuwa imeacha mambo wazi. Alama za visandukuni zilikuwa zimetabiri kitu kilichofanyika nje ya visanduku. Hapo ndipo hojaji inapopata heshima yake.

Lakini yale mambo matano hayakutoka matano. Mtafiti hukusanya majibu, kisha kompyuta hutafuta kauli zinazotembea pamoja: anayekubali hii hukubali na ile. Makundi yanayojitokeza ndiyo huhesabiwa kuwa imani zilizojificha chini. Kwa Schommer yalijitokeza manne. Ile imani kuhusu wakubwa wanaojua yote haikusimama peke yake. Miaka saba baadaye, katika tathmini iliyosomwa sana, Barbara Hofer na Paul Pintrich walisema kwamba mawili kati ya manne yaliyobaki, kasi ya kujifunza na uwezo wa kuzaliwa, si imani kuhusu maarifa hata kidogo. Ni imani kuhusu akili na masomo. Wana haki katika mantiki. Mwalimu wa kemia aliye Kangeta, hata hivyo, akiambiwa achague mambo mawili ya kujua kuhusu darasa lake, angechukua hayohayo mawili na kuwaachia wasomi yaliyobaki.

Serikali ya Kenya ilikwisha kuona umuhimu wa jambo hili bila kutumia lugha ya wasomi hao. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ilianzishwa SMASSE, programu ya kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ikianza na wilaya 9. Utafiti wa awali uliorodhesha mambo ambayo kila mwalimu angeyataja: vifaa vichache, mbinu duni za kufundisha. Humo pia kulikuwa na mtazamo, wa wanafunzi na wa walimu wenyewe, kwamba sayansi ni ngumu na haikuumbiwa kila mtu. Awamu ya kwanza ya mafunzo ya walimu ikatengwa kwa ajili ya kubadilisha mtazamo, kabla hata ya kugusa mbinu za maabara. Ni nadra wizara kuanza na kitu kisichoonekana.

Na imani hizo hugusa zaidi ya alama za mtihani. Taasisi ya Shamiri, ambayo Mkenya Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, ilichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya. Vikundi vidogo, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni, vilizungumza katika vikao vinne kuhusu shukrani, mambo wanayoyathamini, na wazo kwamba uwezo wa mtu hukua. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko katika vikundi vilivyofundishwa mbinu za kusoma tu.

Tuitazame sasa karatasi yenyewe ikifanya kazi. Mtafiti wa Kenya anayetaka kuingia darasani na hojaji huanza kwa kuomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, kisha hupita kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kuonyesha barua. Kama ni mwanafunzi wa uzamili, sura ya tatu ya tasnifu yake karibu kila mara inamtaja Mugenda na Mugenda, kitabu cha mbinu za utafiti cha Olive na Abel Mugenda ambacho kimelea vizazi vya wasomi wa nchi hii, pamoja na jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, ambalo kwa watu milioni moja linadai sampuli ya 384. Hojaji hutolewa nakala kwenye saiba, hubanwa kwa pini, hubebwa kwa matatu. Wakati mzuri wa kulipata darasa ni baada ya chakula cha mchana, kwa sababu asubuhi mwalimu mkuu hataki vipindi viguswe. Tumbo limejaa githeri, jua limepamba moto, na mwalimu wa darasa amesimama nyuma akiangalia kama watoto wake wana adabu kwa mgeni.

Katika hali hiyo yako yanayotokea ambayo kila mtafiti huyajua na wachache huyaandika. Wapo wanaoshuka na safu moja kutoka kauli ya 1 hadi ya mwisho. Wapo wanaokaa katikati, kwenye "sina hakika", ambako hakuna anayeweza kuwalaumu. Na wapo, tena wengi, wanaokubali kila kitu, kwa kuwa mgeni amekuja kutoka mbali, karatasi imepigwa chapa vizuri, na kumkatalia si heshima. Dawa inayojulikana ni kugeuza baadhi ya kauli, moja iseme maarifa hubadilika na nyingine iseme hayabadiliki, ili anayekubali zote ajikanushe mwenyewe. Dawa hiyo nayo ina ugonjwa wake: kauli zilizogeuzwa hujaa "si" na "hakuna", na mtoto anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya Kimeru na Kiswahili, huishia kutia alama kinyume cha anachofikiri.

Takwimu huyaona matatizo haya, ila kwa mbali. Lee Cronbach alitoa mwaka 1951 kipimo cha kuonyesha kama kauli za kundi moja zinavutana upande mmoja. Ni namba inayokwenda hadi 1, na wengi huridhika ikifika 0.7. Mwaka 2008 Teresa DeBacker na wenzake walizipima hojaji tatu maarufu za imani kuhusu maarifa, ile ya Schommer ikiwemo, wakakuta makundi ya kauli hayatulii na namba zake mara nyingi ni dhaifu. Na hizo zilikuwa zimejazwa na wanafunzi wa Marekani, kwa lugha yao, katika nchi ambako ziliandikwa.

Hojaji ikivuka mipaka mambo hugeuka zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Svein Sjøberg na Camilla Schreiner wa Norwei waliratibu mradi ulioitwa ROSE, ulioliuliza rika la miaka 15 katika nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo, kuhusu sayansi: je, unaipenda shuleni, ungependa kuwa mwanasayansi? Visanduku vilikuwa vinne. Vijana wa Uganda walikubali kwa wingi. Wa Norwei na Japani walikataa kwa wingi. Ukipanga nchi kwa maendeleo yake na kwa mapenzi ya vijana kwa sayansi, mistari miwili inapishana karibu kikamilifu, uwiano wa karibu -0.9. Kadiri nchi inavyotajirika ndivyo kijana wake anavyochoka na sayansi.

Matokeo hayo yana angalau maelezo mawili, na yote mawili yana uzito. Kwa kijana wa Uganda sayansi ni udaktari, ni uhandisi, ni nyumba ya mabati kwa mama. Kwa wa Norwei ni kipindi kimoja kati ya vingi. Pia watu wa jamii tofauti hutumia visanduku kwa namna tofauti, wengine wakikimbilia pembeni, wengine wakikwepa kusema "ndiyo" kwa sauti kubwa. Ndani ya nchi moja, anayelipenda somo kwa kawaida hulifanya vizuri zaidi. Kati ya nchi na nchi uhusiano huo hupinduka. Anayelinganisha wastani wa Meru na wastani wa Oslo kwa hojaji moja, kama anayelinganisha joto la vyumba viwili, hajui kwamba kipimajoto kimoja kinasoma hewa na kingine kinasoma adabu.

Swali gumu zaidi liko ndani ya mtoto mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya utafiti Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, kwa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwapa majaribio ya msamiati na ya kufikiri ya aina inayojulikana shuleni. Waliwapa pia jaribio lililotungwa kutokana na maisha ya pale: mtoto ana dalili fulani, dawa gani ya mitishamba ya kumpa, kwa kiasi gani? Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliojua mitishamba vizuri walielekea kupata alama za chini zaidi katika majaribio ya shule, hasa ya msamiati. Watafiti walieleza kwamba familia huchagua: anayetazamiwa kubaki kijijini huwekezwa ujuzi wa kijiji, anayetazamiwa kwenda mbali huwekezwa kitabu.

Usenge haikuwa ikipima imani, ilipima ujuzi. Lakini inamwachia mwenye hojaji tatizo. Kauli isemayo "usipoelewa jambo mara ya kwanza, hutalielewa" inamwuliza mtoto kuhusu jambo gani? Mvulana wa Kangeta anayepanda mti wa miraa kabla ya kwenda shule amejifunza polepole. Ametumia miaka kujua chipukizi lipi liko tayari na lipi liachwe wiki nyingine, tawi lipi litambeba na lipi litamwangusha, na jinsi ya kulifunga fungu kwa majani ya mgomba ili lisinyauke. Anajua, bila kuambiwa na mtu wa maabara, kwamba baada ya siku mbili mali imekufa. Kathinoni huvunjika na kuwa kemikali dhaifu kadiri jani linavyokauka. Akiulizwa kuhusu miraa, atasema kujifunza huchukua muda na makosa ni sehemu ya kazi. Akiulizwa kuhusu mole na milinganyo ya kemia, atasema wengine wanayo na wengine hawana. Hojaji haimuulizi lolote kati ya hayo mawili. Inamuuliza kuhusu "maarifa", na kwa kuwa amevaa sare, anajibu kama aliyevaa sare.

David Hammer na Andrew Elby, waliofanya kazi kwenye ufundishaji wa fizikia Marekani, waliifikisha hoja hii mbali zaidi. Kwao, mtu hana imani moja kuhusu maarifa anayotembea nayo kama kitambulisho. Ana rasilimali nyingi ndogo, nyingine zikiamshwa na darasa, nyingine na gereji, nyingine na ugomvi wa ndugu. Kuuliza "anaamini nini" bila kusema wapi na wakati gani ni kuuliza nusu ya swali.

Na shule ina namna yake ya kuamsha. Karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, humtaka mtahiniwa ataje sababu mbili, atoe tatu, aeleze sita. Kila sababu ina alama yake, na mwongozo wa kusahihisha una orodha. Mtoto aliyefanya mazoezi hayo kwa miaka minne ana kila sababu ya kuamini kwamba maarifa ni vipande vinavyohesabika na kwamba orodha kamili iko kwa mtu fulani Nairobi. Akitia alama ya "nakubali kabisa" kwenye kauli inayosema hivyo, je, ametueleza imani yake au amelieleza kwa usahihi baraza la mitihani? Mtafiti anayeandika kwamba mtoto huyo ana "imani changa" anamwonea.

Jaribio moja la ustadi liliugusa mwanya huu. Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa na hojaji yake ya mitazamo kuhusu fizikia, yenye kauli 42. Kara Gray na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuwapa wanafunzi visanduku mara mbili kwa kila kauli: wewe unasemaje, na mwanafizikia angesemaje? Hata wanafunzi wa mwanzo kabisa walijua vizuri mwanafizikia angejibu nini. Wao hawakukubaliana naye. Walijua kwamba mtaalamu huona somo limeungana na lina maana katika maisha. Wao binafsi, kwa uzoefu wao, hawakuliona hivyo.

Hojaji za fizikia zimeleta habari nyingine isiyowafurahisha wahadhiri. Edward Redish, Jeffery Saul na Richard Steinberg waliwauliza wanafunzi wapatao 1500 wa vyuo 6 kauli 34, mwanzo wa muhula na mwisho wake, wakachapisha mwaka 1998. Baada ya muhula mzima wa fizikia, kwa wastani mitazamo ya wanafunzi ilikuwa imesogea mbali na ya wataalamu. Walikuwa wamefundishwa fizikia na papo hapo wamefundishwa kwamba fizikia ni fomula za kukariri. Hapa hojaji ilifanya kazi nzuri, na ni vyema kuona kwa nini: watu walewale, kauli zilezile, somo moja linalotajwa kwa jina, mara mbili. Adabu, uchovu na lugha vilikuwepo mara zote mbili, kwa hiyo mabadiliko yaliyoonekana ni vigumu kuyasingizia hayo.

Darasa la Kangeta lingeweza kupimwa hivyohivyo bila gharama kubwa. Kauli chache zinazotaja kemia, zilezile zikitaja miraa, visanduku mara mbili, vya "mimi" na vya "mwalimu wangu", na pengine safu ya tatu ya mchumaji hodari anayejulikana kijijini. Kabla ya hapo, mtafiti angekaa na wanafunzi watano au sita, mmoja mmoja, na kuwaomba wasome kauli kwa sauti wakisema wanachofikiria. Tuseme kauli ni ile ya wataalamu wawili. Msichana anatia alama ya "nakubali". "Kwa nini?" anaulizwa. "Madam, wakitofautiana kwenye mtihani mmoja anakosa alama." "Na wale wa miraa, wa Uingereza na wa hapa?" Anafikiri. "Hao hawajatofautiana kuhusu miraa. Wametofautiana kuhusu sisi." Mazungumzo haya ni ya kubuni, lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kikao cha namna hii anajua kwamba majibu ya aina hiyo hutokea, na kwamba kisanduku kingemwandika msichana huyo kuwa anaamini maarifa ya hakika.

Suala hili sasa limeingia serikalini kwa mlango mwingine. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, una umilisi wa kimsingi 7, miongoni mwake kufikiri kwa kina, kujiamini katika uwezo wako, na kujifunza jinsi ya kujifunza. Hizo ni imani za Schommer zikiwa zimevaa nguo za mtaala. Mwalimu hutakiwa kumweka mwanafunzi kwenye viwango: amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, yuko chini yake. Ni visanduku tena, ila safari hii mtu mzima ndiye anayetia alama na mtoto haulizwi. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 na fomu 60 hutia alama kwa kumkumbuka mtoto anayenyoosha mkono, na mkimya aliye nyuma hupata "anayakaribia" mwaka baada ya mwaka.

Kenya ilishawahi kuonyeshwa njia nyingine. Katika miaka ya 1960 nchi kadhaa za Afrika zilishiriki Programu ya Sayansi ya Msingi ya Afrika, ambamo watoto walijifunza kwa vitu vya pale pale: nyasi za kujengea, maji, na yule mdudu anayechimba shimo la mchanga na kumtega sisimizi. Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget huko Geneva, alipewa kazi ya kuitathmini na akaifanya Kenya. Hakutoa karatasi. Aliweka vitu mbalimbali chumbani, vingine vya programu na vingine vigeni, akaingiza kikundi cha watoto na kuwaambia wafanye wapendavyo. Watazamaji waliandika kila mtoto alichokifanya: alijaribu mambo mangapi tofauti, na alilifuata jambo moja kwa kina gani. Waliopitia programu walijaribu mengi zaidi, kwa namna tata zaidi, kuliko wasioipitia.

Mtoto anayeamini kwamba kujua ni kusubiri kuambiwa husimama katikati ya chumba hicho akimtazama mtu mzima. Anayeamini vingine huokota kitu. Kuandika tofauti hiyo kunahitaji watazamaji wenye subira, chumba, na siku kadhaa. Hojaji inahitaji shilingi za kutoa nakala, na mwanafunzi wa uzamili wa Meru, Chuka au Embu ana bajeti yake mwenyewe ya kulinda. Kwa hiyo ataendelea na visanduku. Anachoweza kufanya bila kuongeza hata ukurasa mmoja ni kuchagua kauli tano, kuacha mistari miwili mitupu chini ya kila moja, kuandika "Kwa nini?", na kumruhusu mtoto ajibu kwa Kimeru.